Binti Atakaye Utawa: Atajuaje Kama Ameitwa?

Liko swali ambalo walimu wa mitaa hutuuliza mara kwa mara. Si swali la kanisa letu, lakini lafika mpaka ndani ya nyumba zetu. Huuliza hivi: Binti wa dada yangu ni Mkatoliki, naye amesema ataka kuwa sista. Baba yake amekasirika, mama yake afurahi kwa siri, nami nimeitwa katika kikao cha ukoo kwa kuwa ni mjomba wake, tena ni mwalimu wa dini. Je, niseme nini? Katika nchi yetu ziko nyumba nyingi ambamo Mlutheri na Mkatoliki hula chungu kimoja, kwa hiyo neno hili halikwepeki. Wala si vema kulijibu kwa mzaha, kama wafanyavyo wale wasemao, "Mwacheni aende, njaa itamrudisha." Maisha ya mtu mzima yamo ndani ya shauri hili.

Kwanza tuseme wazi tusimamapo sisi. Kanisa letu halifundishi kwamba utawa ni njia iliyo juu kuliko njia ya mume na mke, wala kwamba kwa nadhiri mtu hujipatia haki mbele za Mungu. Dkt. Martin Luther aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa mwaka 1521, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lalieleza jambo hilo katika fungu la 27. Mwenye kutaka hoja zote na azisome huko. Lakini mjomba aliyeitwa katika shauri la binti Mkatoliki hakuitwa kushindana na padre. Ameitwa amsaidie mtoto kulijua lililo moyoni mwake. Na ili amsaidie yampasa ajue kanisa la binti lenyewe lasema nini juu ya wito, maana wengi wetu twalihukumu tusilolijua.

Wengi hudhani kuitwa ni kusikia sauti usiku, au kuota ndoto, au kulia sana kanisani. Wakatoliki wenye hekima hawasemi hivyo. Wao hutazama mambo mawili pamoja. La kwanza limo ndani ya binti: nia iliyo safi, yaani ataka utawa kwa ajili ya Mungu na si kwa ajili ya kitu kingine. La pili liko nje yake: afya, tabia, akili iliyokomaa, na shirika lenyewe kumpokea baada ya kumpima. Sheria za kanisa lao za mwaka 1983, katika kanuni ya 642, zawaagiza wakubwa wa mashirika wasimpokee mtu asiye na mambo hayo. Basi hata binti akisema kwa machozi kwamba ameitwa, neno lake peke yake halitoshi. Na hata wakubwa wakimpenda sana, kama yeye hataki, hakuna wito.

Tumkumbuke mzee Eli (1 Sam. 3). Samweli alipoitwa usiku kule Shilo, alimkimbilia yeye mara tatu. Mzee yule angaliweza kusema, "Naam, ni mimi, kachote maji." Angaliweza pia kusema mara ile ya kwanza, "Ni Mungu, funga mzigo wako." Hakufanya hili wala lile. Alimrudisha mtoto alale, na tena alale, na alipofahamu alimfundisha namna ya kuitika, kisha akabaki mahali pake. Hakwenda kuitika badala yake. Mjomba na afanye vivyo hivyo.

Sasa tuitazame hofu, kwa sababu hofu ndiyo imewaingiza wengi. Mwezi wa Julai mwaka 1505, kijana Luther alikuwa akirudi Erfurt. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga kando yake, akaanguka chini, akamlilia Ana Mtakatifu na kuahidi kuwa mtawa. Siku 15 baadaye aliingia nyumba ya watawa. Baba yake, Hans, alikasirika mno, kwa maana alikuwa akimsomesha sheria. Na alipohudhuria misa ya kwanza ya mwanawe mwaka 1507 alimwuliza kama ana hakika kwamba lile la njiani halikuwa hila ya mwovu. Neno la baba lilikaa moyoni mwa mwana miaka mingi. Kitabu chake cha mwaka 1521 alikielekeza kwa baba yuyo huyo, akaeleza kwamba aliapa akiwa amezingirwa na hofu ya mauti.

Miaka 30 baada ya radi ile, mwaka 1535, katika mji wa Avila nchi ya Hispania, binti wa miaka 20 jina lake Teresa alitoka nyumbani asubuhi mapema pasipo ruhusa ya baba yake, akaenda kwa watawa Wakarmeli. Yeye naye aliandika baadaye kwamba lililomsukuma zaidi siku zile lilikuwa hofu ya kitumwa kuliko upendo. Lakini huyu alikaa. Upendo ulimjia humo ndani, akawa mwalimu mkubwa wa maombi, na mwaka 1970 Papa alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Basi twaona watu wawili walioingia kwa mlango mmoja wa hofu, na mwisho wao haukufanana. Hofu yaweza kumfikisha mtu mlangoni. Kumkalisha ndani miaka 40 haiwezi. Kwa hiyo binti akisema, "Niliugua, nikaahidi kwamba nikipona nitakuwa sista," asichekwe, wala asiharakishwe. Na aulizwe baada ya mwaka mmoja: Ugonjwa umekwisha, umenenepa, wacheza na wenzako; je, neno lile lingali pale? Likiwa lingalipo, sasa lastahili kusikilizwa. Likiwa limekwenda pamoja na homa, lilikuwa la homa.

Iko pia hofu ya namna nyingine, nayo ni ya huku kwetu hasa. Msichana amesikia kwamba wazee wamekwisha kuzungumza habari za mahari na mtu asiyempenda. Akimbilie wapi? Nyumba ya masista ina ukuta, na masista hawamwozi mtu. Kumkinga binti kama huyo ni tendo la haki, na masista wakimpa mahali pa kulala wamefanya vema. Lakini kukimbia ndoa mbaya na kuitwa katika utawa si jambo moja. Kwanza ndoa ile ivunjwe, mahari irudishwe kama imepokewa, binti ajue kwamba yu salama hata akibaki nyumbani. Ndipo aulizwe habari za utawa. Akiulizwa kabla ya hapo atajibu "nataka," naye hatasema uongo, lakini atakuwa amejibu swali lingine. Tena yuko atakaye shule, kwa kuwa kwao hapana ada. Huyo naye haja yake ni ya kweli. Ukoo na uchange ada, kisha utazame kama wito ungalipo.

Wasomaji wetu wamjua Bibi Katharina, mkewe Luther. Alizaliwa mwaka 1499, na angali mtoto mdogo alipelekwa kulelewa na watawa. Baadaye alihamishiwa nyumba ya Nimbschen, na mwaka 1515 akaweka nadhiri, umri wake miaka 16. Wakati wa Pasaka mwaka 1523 yeye na wenzake walitoroka usiku kwa gari la mfanya biashara wa Torgau, Leonhard Koppe. (Wengine hupenda kusimulia kwamba walifichwa ndani ya mapipa ya samaki, hadithi hiyo tunawaachia wenyewe.) Mwaka 1525 akaolewa. Watu humtaja ili kuonyesha kwamba utawa ni mbaya. Sisi twaona habari yake yaonyesha zaidi neno lingine: mtoto aliyepelekwa na wakubwa, akakulia ndani ya kuta asizozichagua, hata akifikia umri wa kuapa, atapima kwa kipimo gani? Hajaona maisha mengine. Fungu la 27 la Ungamo letu lalilalamikia jambo hilo hilo, kwamba vijana na wasichana walitiwa humo kabla hawajaweza kuzipima nguvu zao.

Na hapa tuwatendee haki Wakatoliki. Mtaguso wao wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, ulikiona kidonda kile kile. Uliamuru kwamba msichana asivikwe vazi la utawa kabla askofu au mjumbe wake hajamhoji na kuyachunguza mapenzi yake, kwamba hakushurutishwa, hakudanganywa, na alijua atendalo. Ukatangaza laana juu ya mtu yeyote, wa cheo chochote, amshurutishaye mwanamke kuingia utawa. Na laana hiyo hiyo juu ya amzuiaye bila sababu ya haki. Mjomba mwenye hasira na mama mwenye furaha na wasikilize wote wawili.

Lakini mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa mwanamke wa Afrika. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika Darfur, nchi ya Sudan. Aliibwa angali mtoto, na kwa kitisho cha siku zile akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomwiba ndio waliomwita Bakhita, yaani "mwenye bahati," na neno hilo ni ndugu wa neno letu lenyewe la bahati. Bahati gani, msomaji atasema mwenyewe: aliuzwa na kuuzwa tena katika El Obeid na Khartoum, na katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alichanjwa mwili kwa wembe na majeraha yakatiwa chumvi. Mwaka 1883 alinunuliwa na konsuli wa Italia, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga, na mwaka 1885 akafika Italia pamoja naye. Huko alipewa nyumba ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao wa kike.

Bwana Michieli alikuwa na hoteli katika Suakin, penye pwani ya Bahari ya Shamu. Mkewe alipokwenda huko mwaka 1888, alimwacha Bakhita na mtoto mjini Venezia, kwa masista wa Canossa, waliokuwa na nyumba ya kuwafundishia watakao ubatizo. Mwaka uliofuata akarudi awachukue wote wawili. Bakhita akasema haendi.

Tafakarini neno hilo. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi tangu utoto wake, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza, "Wataka nini?", alisimama mbele ya bibi yake akakataa. Bibi akalia, akakasirika, akawaendea wakubwa wa serikali na wa kanisa. Shauri likafika kwa Patriarka wa Venezia na kwa mwendesha mashtaka wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa Italia haina sheria ya utumwa, Bakhita ni mtu huru, na aende apendako. Akachagua kubaki, ingawa ilimchoma sana kuachana na mtoto aliyemlea.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Sasa tazameni mwendo wake. Hakuvikwa vazi la utawa siku ile, wala mwaka ule. Aliingia unovisi tarehe 7 Desemba 1893, karibu miaka minne baada ya ubatizo, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Kabla ya hapo alihojiwa na Patriarka mpya, Kardinali Giuseppe Sarto, ambaye baadaye alikuwa Papa Pius wa Kumi. Nadhiri za daima aliziweka mwaka 1927. Miaka yake mingi aliishi katika mji wa Schio, akipika, akishona, akiwafungulia wageni mlango, mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Mwaka 2000 kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu. Sisi hatuwaombi watakatifu, lakini kujifunza kwao hatukukatazwa.

Na tulilojifunza kwake ni hili: aliyeweza kusema "siendi" ndiye aliyeweza baadaye kusema "naja," na neno lake likawa neno. Mtumwa hana wito, ana amri tu. Kwa hiyo mwenye kutaka kuupima wito wa binti asianze kwa kuuliza, "Wapenda sala?" Aulize kwanza, "Ukisema hapana, itakuwaje?" Kama jibu ni kwamba mama atalia mwaka mzima, au padre aliyelipa ada ataudhika, au baba atamfukuza, au jirani watamcheka kwa kuwa amekwisha kutangazwa kanisani, basi mlango mmoja umefungwa, na apitaye katika mlango mwingine hakuchagua. Kazi ya ukoo ni kuufungua ule uliofungwa, kisha kunyamaza.

Wazazi wengi hudhani kwamba binti akiingia kwa masista leo, kesho amefungwa milele. Si hivyo. Kanuni ya 219 yasema kila mwamini ana haki ya kuwa huru pasipo shuruti yoyote katika kuchagua hali ya maisha. Kwanza huja siku za kutembelea na kujuana, ambazo mashirika mengi huziita "Njoo uone," kwa kuifuata Injili ya Yohana sura ya 1. Kisha huja upostulanti, ambao kila shirika hujipangia urefu wake. Ndipo unovisi. Aliye chini ya miaka 17 hawezi kuingia unovisi, wala mwanamke aliye na mume. Na aliyeingia kwa nguvu, kwa hofu kubwa au kwa hila, kuingia kwake si halali. Unovisi hudumu miezi 12 kwa uchache, na novisi aweza kuondoka apendapo. Nadhiri za kwanza, yaani za ufukara, useja na utii, ni za muda tu, nazo haziwekwi kabla ya miaka 18. Muda huo hauwi chini ya miaka 3, na kwa kawaida haupiti 6, ingawa waweza kuongezwa hata 9. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Na kwa watawa wa ndani, wasiotoka nje kwa kazi za shule na hospitali, agizo la Roma la mwaka 2018 lataka malezi ya miaka 9 kwa uchache. Mjomba akiyajua haya ataweza kumtuliza baba wa binti, na pia kumwuliza binti swali la maana: shirika hilo utakalo, askofu wa jimbo alitambua? Maana wako watu wakusanyao wasichana kwa jina la utawa pasipo idhini ya mtu yeyote.

Lakini binti mwenyewe ataupimaje moyo wake katika miaka hiyo? Yuko Mhispania mmoja, askari, Ignatius wa Loyola. Mwaka 1521, mwaka ule ule Luther alipoandika kitabu chake juu ya nadhiri, alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa, visipatikane. Akapewa maisha ya Kristo na habari za watakatifu. Basi mara aliwaza juu ya vita na mabibi wakubwa, mara aliwaza juu ya kumfuata Kristo kwa umaskini. Mawazo yote mawili yalimpendeza. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yalipoondoka yalimwacha mkavu, na haya ya pili yalipoondoka yalimwacha na furaha. Kutokana na hayo alitunga mafundisho ya kuzipambanua roho, ambayo Wakatoliki huyatumia hata leo.

Twaona ni fundisho la akili, hata kwa asiye wa kanisa lao. Binti akitoka kuwatembelea masista, nyimbo zao na bustani yao na uchangamfu wao vitamfurahisha, nani asingefurahi? Furaha ya siku ile isihesabiwe. Ihesabiwe furaha ya Jumanne ya wiki ya tatu, yu shambani, mvua yanyesha, hakuna aimbaye. Je, akiwaza habari za utawa saa ile, moyo watulia au wakauka? Na awaze vivyo hivyo juu ya kuolewa na kulea watoto, kwa haki ile ile, wala asiyawaze mambo mazuri ya utawa pamoja na mambo mabaya ya ndoa. Wengine hufanya hivyo, kisha husema wamepima. Asiyependa watoto, au anayemchukia kila mwanamume kwa sababu ya ubaya wa mmoja, hakuitwa kwa sababu hiyo tu. Huenda ana jeraha litakalo kuponywa.

Ignatius alishauri pia kwamba mtu asibadili shauri lake wakati wa giza na uchungu, angoje kupambazuke. Na alishauri mtu ajiwazie kama ni mgeni asiyemjua amekuja na swali hilo hilo: angemshauri nini? Tena ajiwazie yu katika saa ya kufa: angetamani awe amechagua lipi? Sisi twaongeza hesabu ya mnara (Luka 14), ambamo Bwana ataka mjenzi aketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi huko hakuna aibu. Paulo naye, anapowaandikia Wakorintho habari za wanawali (1 Kor. 7), asema wazi kwamba hana amri ya Bwana, bali atoa shauri, na kwamba kila mtu ana karama yake mwenyewe.

Tumrudie baba mwenye hasira. Hasira yake si upumbavu. Akiona binti aenda utawani, aona ng'ombe wa mahari hawaji. Lakini zaidi ya hapo aona jina la mama yake, alilompa binti huyo, halitazaa. Hilo ni pigo la kweli, na padre au mwalimu amwambiaye kwamba afurahi tu hajui maumivu ya ukoo. Na apewe nafasi ya kusema. Lakini akikwisha kusema, na asome habari ya Yeftha (Waamuzi 11). Baba alitoa nadhiri kwa kinywa chake, na aliyeilipa ni binti, aliyekuwa hajaulizwa. Habari ile yamhusu mama pia, aliyemweka mtoto nadhiri tangu tumboni na sasa amsukuma ili ahadi yake itimie. Ahadi ya mama ilipwe na mama.

Katika Kongo yuko Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa karibu na Wamba mwaka 1939. Alipotaka kuwa sista mama yake hakupenda. Siku moja lori lilipowachukua wasichana kwenda nyumba ya masista ya Bafwabaka, alipanda kimya kimya akaenda nao. Aliweka nadhiri mwaka 1959, akauawa mjini Isiro mwaka 1964 wakati wa maasi ya Simba, na mwaka 1985 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri. Habari yake huwafanya wasichana wengine wapende kutoroka. Sisi hatulisifu lori lile. Ni kweli kwamba mtoto aliyezuiwa kwa nguvu hutafuta lori. Lakini kama mlango wa nyumbani ungefunguliwa, hakuna ambaye angehitaji kupanda kwa siri.

Iko sababu moja ya haki ya kumchelewesha binti, nayo Wakatoliki wenyewe waijua. Tomaso wa Aquino, mwalimu wao mkubwa wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtoto ambaye wazazi wake wamo katika shida, wala hawana mwingine wa kuwatunza, hana ruhusa kuwaacha aingie utawani. Ndilo neno la Bwana juu ya Korbani (Marko 7). Basi kama mama ni kipofu na binti ni wa pekee, na asemwe wazi kikaoni: nani atamtunza mama? Wajomba wakisema, "Sisi," na watende, wasiseme tu. Lakini kama kaka watatu wenye nguvu waketi hapo hapo, shida hiyo ni kisingizio.

Wengine huuliza: Na binti Mlutheri akisema maneno hayo? Asifukuzwe. Theodor Fliedner alianza nyumba ya madiakonisa huko Kaiserswerth mwaka 1836, na katika nchi yetu liko shirika la Ushirika wa Neema karibu na Moshi, lililoanza mwaka 1980, ambalo masista wake ni Walutheri. Naye apimwe kwa maswali yale yale.

Linabaki neno la aliyerudi. Tumesema mlango u wazi kwa sheria miaka mingi. Lakini kwa ulimi wa jirani hufungwa mapema, na wako wanaoweka nadhiri kwa sababu waliogopa njia ya kurudi kijijini. Kanuni ya 702 yasema anayeondoka hawezi kulidai shirika malipo ya kazi aliyofanya humo, ila shirika litende kwa haki na upendo kwake. Basi hutokea arudi na sanduku moja, hana nguo za kawaida wala nauli ya kutafutia kazi. Mjomba aliyeitwa katika kikao cha kwenda na ajiite mwenyewe katika siku ya kurudi. Vyeti vya shule viulizwe mapema kwa mama mkuu. Mama amnunulie kanga mbili kabla hajafika, ili asitembee sokoni kwa vazi alilovua. Asiulizwe sababu mbele ya watoto, wala shangazi wasihesabu miaka yake kwa ajili ya mchumba. Na Jumapili, kama ataka kukaa benchi la nyuma katika kanisa lake, aachwe akae nyuma.